Mpagazi Asiyetuliwa

Mgongoni mwa mama yake, Cornel alikuwa mzito kama debe la mahindi. Kwenye mizani ya kliniki alikuwa anapungua.

Oliva hakuelewa. Asubuhi ile ya Julai watu wa Ruhuwiko walitembea na mablanketi mabegani kwa baridi, lakini yeye alipanda kilima cha kliniki akichuruzika jasho, akisimama kila baada ya nyumba mbili tatu, mikono magotini. Nesi alipomning'iniza mtoto kwenye mizani, mshale ulisogea kidogo tu ukatulia. Ulikuwa chini ya pale uliposimama mwezi uliopita.

Nesi Pamela alikuwa binti mwenye adabu. Hakupaza sauti, akina mama wengine wasije wakageuka kutazama.

"Mama Cornel, ananyonya vizuri?"

"Ananyonya mpaka mimi nasikia kizunguzungu, dada."

"Basi usijilaumu. Mlete tena wiki ijayo, tumwangalie pamoja."

Akamchukua mtoto ili amsaidie mama yake kumbeba. "Mwepesi, jamani, kama kifaranga," alisema, akamlaza mgongoni mwa Oliva. Papo hapo Oliva akapiga goti moja chini, kama mtu aliyetwikwa gunia bila kuambiwa. Pamela alidhani ameteleza, akamshika mkono na kumwomba radhi kwa sakafu iliyolowa.

Sakafu ilikuwa kavu.

Mambo yalianza tangu Remmy aliporudi. Remmy, mume wake, alikuwa kibarua kwenye daraja lililokuwa likijengwa kusini, pale Mto Ruvuma unapopanuka. Walipokuwa wakichimba mashimo ya nguzo walikuta mtumbwi wa zamani umezikwa kwenye mchanga, mti mmoja uliochongwa, mweusi kama mkaa. Wenzake walitaka kuupasua kuni. Remmy akaomba nusu, akaupakia kwenye lori la mchanga lililokuwa linapanda Songea, akashuka nao nyumbani akicheka.

"Nguruwe wangu hawatakula tena kwenye beseni lililotoboka," alisema. "Watakula kwenye meli!"

Akaufanya hori bandani. Ndani yake, chini ya tope lililokauka, kulikuwa na ngata, ile duara watu wanayoweka kichwani ili mzigo usiwaumize. Ilikuwa imesukwa kwa kamba za magome ya mti, nayo iling'aa kwa mafuta na jasho la vichwa vya watu wasiojulikana. Cornel alikuwa amekaa kwenye mkeka. Remmy, kwa furaha ya baba aliyekaa mbali na mwanawe muda mrefu, akaifuta vumbi na kumvika kichwani.

"Huyu hapa! Pagazi wangu!"

Mtoto akacheka. Oliva naye akacheka. Ilikuwa siku nzuri, walikuwa na nyama.

Nguruwe hawakula. Pumba zilimwagwa kwenye mtumbwi, nao wakasimama kwa mstari pembeni ya banda, mmoja nyuma ya mwingine, pua zao ukutani. Njaa iliwafanya walie, lakini hawakusogea. Kisha harufu ikaanza, ya tope la mto na unga uliovunda, na ilikuwa kali zaidi kila Oliva alipomfungua Cornel mbelekoni. Na kila alfajiri kulikuwa na mstari mwembamba wa unga mweupe, kutoka bandani hadi kwenye mlango wa chumba walicholala, kama mtu amepita na gunia lenye tundu.

"Panya," alisema Remmy.

"Panya anabeba gunia?"

"Panya wa Ruhuwiko hawa, mke wangu. Wana nguvu kuliko mimi."

Alikuwa mtu wa kumfanya mkewe acheke, na Oliva alimpenda kwa hilo. Lakini mara hii hakucheka.

Mama mkwe wake, Bibi Notburga, alifika kutoka Madaba na kikapu cha viazi na mdomo wake uleule. Hata kabla hajaketi alimpokea mjukuu, akamgeuza huku na huku.

"Mtoto gani huyu, shingo imezama mabegani kama kobe? Mnamlisha nini? Maneno?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekonda. Kaa chini, leo napika mimi."

Ndivyo alivyokuwa, ulimi wa upupu na mikono ya asali. Ni yeye aliyemvua Cornel kofia ya sufu ili amwogeshe, na ni yeye aliyeona kwanza. Juu ya utosi wa mtoto nywele zilikuwa zimelala na kukatika, zimeacha duara. Duara safi, upana wa kiganja, kama zile zinazoonekana kwa wanawake waliobeba ndoo tangu utoto hadi uzee. Cornel alikuwa hajatimiza hata mwaka.

Bibi Notburga alifanya ishara ya msalaba. "Oliva," alisema polepole, "huyu mtoto anabeba nini?"

Jioni ileile umeme ulikatika. Oliva alikuwa kwenye jiko la nje, Cornel mgongoni, anakoroga ugali kwa mwanga wa moto. Alisikia kwanza kitu kikigusa maji, taratibu, kisha kikiinuka na kudondosha matone. Kasia. Lilitoka upande wa banda la nguruwe, mahali ambapo hapakuwa na maji hata ya kunawa. Likafuatwa na miguu, miguu mizito ya mtu anayepanda mlima, na mguno ule wanaoutoa watu waliobeba, ule wa kuombea pumzi. Miguu ikasimama nyuma yake.

"Mama," sauti ilisema kwa adabu. "Nitue."

Oliva alikuwa ameshainuka nusu. Hakuna aliyelelewa vizuri katika nyumba zile ambaye angebaki ameketi. Mtu mwenye mzigo hasalimiwi, haulizwi atokako, hutuliwa kwanza, maneno yanafuata mzigo ukiwa chini. Mikono yake ilikuwa imeanza kupanda yenyewe. Ndipo akahisi Cornel mgongoni akiinua kichwa, kama anayemtambua aliyekuja, na uzito ukamshukia Oliva wote kwa mpigo, mbeleko ikamkata kifuani, magoti yakatetemeka, na harufu ya unga uliovunda ikamjaa puani hadi machozi yakatoka, naye akaacha mwiko, akaacha sufuria, akakimbia ameinama kama bibi kizee kuelekea mlango wa nyumba huku miguu ile ikimfuata bila haraka, hatua kwa hatua, miguu ya mtu aliyekwisha kuzoea safari ndefu.

Remmy alitoka na panga. Hakuona mtu. Aliona nyayo za miguu mitupu zilizolowa, na unga kandokando ya nyayo, na hapo mzaha ukamwisha. Akaingia bandani, akaitoa mtumbwini ile ngata, akaitupa katikati ya moto.

"Remmy, subiri!" mama yake alisema.

Ilikuwa imeshashika moto. Haikunuka magome. Ilinuka nywele. Mle ndani Cornel akalia kilio kimoja kirefu, kisha hakulia tena, si siku ile wala iliyofuata. Hakunyonya vizuri pia. Alitazama mbele tu, macho makavu, kidevu kikizidi kukaribia kifua.

Walimpeleka hospitali, akapimwa damu, wakapewa dawa na maneno ya upole. Katekista alikuja akanyunyiza maji ya baraka, na yule mtu alisikika akijikung'uta nje, kama mtu aliyenyeshewa. Ndipo jirani yao Sharifa, aliyekuwa akimchotea Oliva maji siku zote hizo bila kuombwa, akasema maneno aliyokuwa akiyazuia.

"Mama Cornel, mimi si wa kanisa lenu, sitaki kuonekana naingilia. Lakini baba yangu yuko Namtumbo. Analima tumbaku, na anasomea watu. Nikimpigia simu, kesho atakuwa hapa."

"Mpigie," alisema Bibi Notburga kabla Oliva hajafungua mdomo. "Mtoto akiwa mgonjwa hatuulizani dini."

Mzee Muhsini alifika mchana, vidole vyake vya njano kwa tumbaku, kanzu chini ya koti zito. Hakutaka chai. Aliomba kuuona mtumbwi, akaingia bandani peke yake, akaunusa, akasoma. Walimsikia akisoma kwa sauti ya juu, kisha ya chini, kisha wakamsikia anazungumza kama mtu anayejibizana na mwenzake kwenye foleni. Alipotoka alikuwa amelowa hadi magotini. Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, na sasa akaomba chai.

"Ameondoka?" Remmy aliuliza.

"Nimemwamuru aondoke kwa jina la Mwenyezi Mungu. Akaniambia, 'Mzee, naondokaje na mzigo huu? Nani wa kunipokea?'" Akanywa.

"Ni jini?"

"Wapo watakaosema jini la mto, wapo watakaosema mzimu. Akiwa kwenye uwanja wako jina halikusaidii kitu."

Akawaeleza aliyoyasikia kwa babu yake. Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, jeshi lilikuwa porini na chakula kilikuwa mbali. Wanaume walikamatwa vijijini. Penye maji ya kutosha walipiga makasia, mitumbwi imejaa mahindi, unga na risasi. Penye miamba walishuka, wakajitwika magunia, wakazunguka maporomoko kwa miguu, kisha wakapakia tena. Askari mwenye bunduki alitembea nyuma. Mzigo wa jeshi haukugusa ardhi njiani, na aliyejitua mwenyewe alihesabiwa mwizi wa chakula cha jeshi. Alipigwa, au alipigwa risasi.

"Walikufa njaa, mwanangu," alisema, akimtazama Oliva. "Unga unawamwagikia mabegani nao wanakufa njaa. Na mara nyingine walifika mahali walipotumwa, jeshi limekwisha kuhama. Hakuna wa kuwapokea."

"Sasa mtoto wangu ana kosa gani?"

Mzee Muhsini alimtazama mtoto. "Walikuwa na utaratibu wao wa kusaidiana. Mtu akichoka, mwenzake anaomba ngata yake, anaivaa. Akiivaa, amekubali mzigo kwa kipande hicho cha njia. Mwenye mzigo hutembea kando yake, hamwachi mpaka wafike." Akaweka kikombe chini. "Mtoto huyu alivaa ngata. Na kwa vile imechomwa, hana cha kumrudishia."

Remmy alitoka nje. Walimsikia akijipiga kichwa kwenye mlango wa banda. Mama yake akamfuata, akamshika sikio kama mtoto, akamrudisha ndani. "Kaa hapa na mkeo. Ukijipasua hicho kichwa, nani atatulipia mshono?"

"Na wakifika?" Oliva aliuliza. "Mzee wangu, wanakwenda wapi?"

"Mtoni, mama. Anasema amepumzika vya kutosha. Kesho ukungu ukishuka anaanza safari, na mtoto anakwenda naye."

Hakuna aliyelala. Sharifa alikaa nao, tasbihi yake ikigongana na rozari ya Bibi Notburga. Oliva alimpakata mwanawe, akahisi mapaja yanakufa ganzi kwa uzito wa kiumbe ambacho nesi alikiita kifaranga, na akafikiri. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la saba. Lakini tangu jioni ile ya jikoni neno moja lilikuwa likimzunguka, na kadiri kulivyopambazuka ndivyo lilivyomtia haya.

"Tumechoma kitu chake," alisema. "Tumemmwagia maji, tumemsomea, baba Cornel kamtolea panga. Yeye tangu afike ameomba kitu kimoja. Kuna aliyemtua?"

Bibi Notburga aliweka rozari mapajani.

"Nitapika uji," alisema Oliva.

"Ukitoka, mwache mtoto ndani," Remmy alisema.

"Mzigo uko juu ya mtoto. Nikimwacha ndani, nitatua nini?"

Mzee Muhsini alimsogelea Oliva. "Usimwonyeshe hofu usoni," alisema. "Na chochote atakachofanya, usimnyang'anye. Aliyenyang'anywa maisha yake yote, ukimnyang'anya atashika zaidi."

Ukungu wa Songea wa mwezi ule ukishuka hauachi kitu. Ulikula paa, ukala banda, ukala njia inayoteremka kwenye kijito kinachokwenda kuungana na Ruvuma. Oliva alisimama katikati ya uwanja, Cornel mgongoni, sufuria ya uji wa ulezi miguuni ikitoa mvuke. Wengine walibaki mlangoni. Alisikia kasia. Alisikia maji yakidondoka. Alisikia miguu, na safari hii haikutoka bandani kuja kwake bali ilimpita kwenda njiani, na pale ilipompita, mtoto wake akavutika mgongoni kuelekea upande uleule, mbeleko ikajinyoosha, na yeye mwenyewe akajikuta amepiga hatua moja, kisha nyingine, kisha nyingine, akiteremka kuelekea mtoni kama ng'ombe aliyefungwa kamba.

"Baba!" aliita. "Baba, umefika. Lete mzigo nikupokee."

Miguu ikasimama.

Alitoka kwenye ukungu. Alikuwa kijana kuliko sauti yake, mbavu zinahesabika, mabega yamejaa unga uliogandana na jasho, na shingo ilikuwa imebonyea hadi kidevu kimegusa kifua. Gunia lilikuwa jeusi, limelowa, kubwa kuliko mtu, na kila lilipoyumba Cornel aliyumba mgongoni mwa Oliva. Oliva alitamani kukimbia kwa kila mfupa alionao, lakini alimwona akitetemeka magoti, na lile tetemeko alilijua, lilikuwa lake la kila siku kwenye kilima cha kliniki, na hapo huruma ikampata bila kumwomba ruhusa. Akainua mikono. Akashika gunia, baridi ikamwingia hadi kwenye meno, akavuta, akabeba pamoja naye, wakashuka nalo wote wawili wakihema, taratibu, mpaka likagusa ardhi, na lilipogusa likawa maji ya mto tu, yakatawanyika vumbini.

Yule kijana alinyoosha shingo. Ililia kama mlango wa zamani.

Kisha akazunguka nyuma yake.

Ni haki ya njiani, aliyetuliwa humtua mwenzake. Oliva alilijua hilo na bado nusura ageuke, kwa maana vidole vya baridi vilikuwa vimeshika fundo la mbeleko kifuani pake, vinalifungua bila haraka kama vidole vilivyozoea mafundo, na mlangoni Remmy alikuwa akipiga kelele huku mama yake na Sharifa wamemng'ang'ania, na fundo likaachia, na mtoto wake akaondoka mgongoni, akaondoka kabisa, ubaridi ukampiga pale alipokuwa, na nyuma yake hapakusikika kitu, wala pumzi, wala kilio, na maneno ya mzee yalikuwa yakimgonga kichwani, usimnyang'anye, usimnyang'anye, naye akauma midomo mpaka damu ikatoka, hakugeuka, akanyoosha mikono yake mitupu mbele yake.

"Asante, baba," alisema. "Umenitua. Sasa nipe mwanangu, na wewe unywe uji."

Kitu kikawekwa mikononi mwake. Kilikuwa chepesi, chepesi kweli, chepesi mpaka alidhani amepewa mbeleko tupu. Kikafungua mdomo, kikalia kwa hasira ya njaa, kikatafuta titi. Oliva aliketi palepale chini akamnyonyesha, machozi yakimwangukia mtoto usoni, na kando yake alisikia mtu akinywa uji kwa sufuria, mafunda makubwa, bila kupumzika, mpaka chuma kikalia tupu.

"Mungu akuzidishie, mama," sauti ilisema. Miguu iliyoondoka ilikuwa myepesi kama ya mtu anayekwenda ngomani.

Remmy alifika mbio, akawakumbatia wote wawili. Bibi Notburga alifika nyuma yake, kitambaa kimemtoka kichwani, analia na kugomba kwa wakati mmoja. Alimchukua mjukuu, akampima kwa mikono, akabusu ile duara ya utosini.

Ndipo njiani, kwenye ukungu, mtu akakohoa.

Alikuwa mwingine. Nyuma yake mwingine akaguna, ule mguno wa kuombea pumzi, na nyuma ya huyo mwingine. Mguno ulipokelewa kutoka mmoja hadi mwingine, ukateremka njia yote, ukavuka kijito, ukaenda mbali, mpaka sikio la binadamu lilipoishia.

"Mama," sauti ya mbele iliita kwa adabu. "Na sisi."

Mzee Muhsini alikuwa ameanza kusoma chini chini.

"Wako wangapi?" Bibi Notburga alinong'ona.

Oliva alitazama. Ukungu ulipotengana kidogo aliona magunia, gunia juu ya gunia juu ya gunia, na chini ya kila moja shingo iliyobonyea. Alijifunga upya kitenge kiunoni, akakaza fundo.

"Mama, mwingize Cornel ndani, baridi hii si nzuri kwake," alisema. "Dada Sharifa, nisaidie, bandika sufuria kubwa."

Kisha akainua mikono.

"Karibu, baba. Lete mzigo."